SOMO LETU: UZI WA BAKTERIA NA DAWA YA MBU YA KIBAHA

Wanachama wetu, twajua sote kuwa tumba la karafuu lina wakati wake wa kuchumwa. Bakteria nao wana wakati wao wa kufanya kila jambo, na leo tutaeleza jinsi wanavyoujua.

Mwaka 2015 kilifunguliwa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Kibaha na jirani yake Kisarawe ni nchi za masika na madimbwi kama visiwa vyetu, na malaria ni adui wetu sote. Dawa hiyo hutokana na bakteria, mmoja wao akiitwa Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli.

Ndani ya bakteria mna DNA, yaani nyuzi mbili ndefu zilizosokotana. Humo zimeandikwa amri zote za maisha yake, na kila amri huitwa jeni. Ili amri isomwe, nyuzi hizo hazina budi kuachana kidogo pale ilipoandikwa.

Chukua kamba ya usumba. Ikisokotwa mno, kidole hakipenyi kati ya nyuzi zake. Ikisokotolewa kidogo, nyuzi huachia nafasi. Na ncha zikishikwa zisizunguke, kamba nzima hujikunja. DNA ya bakteria ndivyo ilivyo: kwa kawaida imesokotolewa kidogo, ikajikunjakunja, na jeni nyingi hufunguka kwa wepesi.

Kazi ya kusokotoa ni ya kimeng'enya kiitwacho gairesi, kilichotambuliwa mwaka 1976 na Martin Gellert na wenzake huko Marekani. Hukata DNA, hupitisha sehemu nyingine katikati, kisha huunga tena. Kazi hiyo yataka nguvu itokayo katika chakula. Kimeng'enya kingine huurudisha msokoto. Chakula kikipungua, au joto na chumvi vikibadilika, msokoto nao hubadilika. Jeni nyingine hufunguka, nyingine hufungika.

Lakini msokoto hautawali peke yake. Bakteria wa dawa ya mbu akipatwa na njaa, protini maalumu huongoza usomaji kwenye amri mpya: fanya mbegu ngumu ya kustahimili shida, na kando yake fuwele za sumu. Amri za sumu hiyo zimo katika duara dogo la DNA, mbali na DNA kuu. Watengenezaji hungoja wakati huo ndipo wavune.

Mafunzo yetu ni mawili. Kwanza, kiluwiluwi hufa kwa kula fuwele hizo. Akiisha kujifunga tayari kugeuka mbu, hali tena, na dawa haimwui. Basi itiwe mapema, na irudiwe, kwani jua huidhoofisha.

Pili, dawa ya hospitali iitwayo siprofloksasini huua bakteria kwa kuikwamisha gairesi. Mtu akiimeza ovyo, bila kupimwa, bakteria ambao gairesi yao imegeuka hubaki na kuzaana, na siku ya ugonjwa mkubwa dawa haitamfaa. Basi tusigawiane vidonge majumbani, wala tusivinywe bila ya amri ya daktari.