TIBA YA ALIYETEKWA NA UNGA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

MAS-ALA. Mtu wa Mwera, katika wilaya ya Pangani, ana kijana wa miaka 23. Alikuwa akivua na kusoma chuoni, kisha akatekwa na unga. Baba amemwapisha kwa msahafu mara mbili, na mara mbili akavunja yamini. Akamfunga mnyororo katika chumba cha uani siku 7. Kijana akatapika, akahara, akalia kama mtoto, kisha akatulia. Siku ya 8 akafunguliwa, na usiku wa siku ile ile akarudi alikotoka. Sasa baba huyo amepata khabari ya kuwa Tanga mjini, katika Hospitali ya Bombo, iko dawa iitwayo methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku pasipo malipo. Lakini barzani ameambiwa: "Huko ni kumtoa katika unga wa mtaani na kumtia katika unga wa serikali, haramu kwa haramu." Je, neno hilo ni sahihi? Na kama si sahihi, njia za tiba ni zipi, naye aanzie wapi?

JAWABU. Yapasa kwanza kuufahamu ugonjwa wenyewe, kwani kukihukumu kitu hakutimii mpaka kijulikane. Unga ni heroini, na asili yake ni afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba. (Leo watu husema fulani ana kasumba, maana yake ameshikwa na fikra asizoweza kuziacha. Neno limehama, lakini halikwenda mbali.) Mwaka 1874 mkemia mmoja mjini London aliigeuza mofini, iliyo kiini cha afyuni, ikawa kitu kikali zaidi, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kukiuza kuwa dawa ya kikohozi. Basi hata huo unga ulianza kwa jina la dawa, na watu wa barza hawana lawama kuogopa wakisikia dawa nyingine ya jamii hiyo. Siku hizi huvushwa kutoka Afghanistan hadi pwani ya Makran, ukaletwa kwa majahazi katika bahari ile ile waliyopita mababu na tende zao.

Mwenye kuutumia kila siku, mwili wake huuzoea mpaka ukawa hauwezi kutulia bila ya huo. Akiukosa, hazipiti saa 24 ila humshika ile hali ambayo vijana huiita arosto: machozi na kamasi, mifupa kuuma, matumbo kusokota, kutapika, kuhara, na usingizi kutoroka. Hali hiyo hufikia ukali wake siku ya 2 au ya 3, na kwa kawaida hulegea kabla ya wiki kutimia. Hayo ndiyo aliyoyaona baba yule, akadhani kuwa amemponya mwanawe. Lakini kilichotoka ni unga uliokuwamo mwilini. Ile hamu iliyojijenga katika ubongo hukaa miezi, na pengine miaka. Kisha iko hatari kubwa zaidi ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwili uliokaa siku kadhaa bila ya unga husahau kiasi chake cha zamani. Kijana akitoka mnyororoni, au gerezani, akarejea kipimo kile kile alichokizoea, pumzi humkatika akafa. Basi mnyororo, mbali ya kuwa ni dhuluma, waweza kuwa ndio mlango wa mauti.

Na kumwapisha mgonjwa wa namna hii ni kumwongezea deni. Kila yamini aliyoivunja ina kafara yake, naye hana hata nauli.

Ama hukumu, kuutumia unga kwa kujistarehesha ni haramu, hapana khitilafu, na kuuacha ni wajibu. Kilichobaki ni namna ya kuuacha. Suala hili si geni kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi. Ibn Hajar al-Haytami, aliyekaa Makka katika karne ya 10 ya Hijra, mwenye kitabu cha Tuhfa, aliulizwa khabari ya mtu aliyetekwa na afyuni hata akawa ataangamia asipoila. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kwamba ikijulikana kwa yakini kuwa ataangamia, huhalalika kwake, bali humpasa, kama mzoga kwa aliyedhurika na njaa. Lakini ni wajibu wake kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili usahau, na akiacha kupunguza huwa ana dhambi. Ibn Abidin wa Damascus, aliyekuwa wa madhehebu ya Hanafi, aliipokea fatwa hiyo na kuitaja katika kitabu chake.

Atasema mtu: mbona kukosa unga hakuui? Ni kweli, arosto peke yake ni nadra kumwua mwenye mwili mzima. Lakini kurejea baada ya arosto huua, na sindano za kuazimana huua kwa UKIMWI na kwa homa ya ini. Dharura ya mtu huyu haipimwi kwa siku 7 za chumba cha uani. Hupimwa kwa maisha yake yote.

Methadoni nayo ni dawa ya jamii ya afyuni iliyotengenezwa na watu, wala si kinywaji kilichochacha. Tofauti yake na unga ni kuwa huingia mwilini polepole na kukaa humo siku nzima na zaidi. Unga humpandisha mtu na kumwangusha mara kadhaa kwa siku, naye kila akianguka hutafuta fedha kwa njia yoyote. Methadoni humshika mahali pamoja. Aliyepewa kwa kipimo chake halewi. Hutambua alipo, hufanya kazi, na swala yake ni sahihi kama ya mgonjwa mwingine yeyote anywaye dawa. Sababu ya kuharimishwa ni kulevya, na hapa haipo. Basi neno la "haramu kwa haramu" halikusimama. Na wanaosogea pembeni mwa safu msikitini wakimwona kijana anayekunywa dawa hii, wamjue kuwa anakimbia haramu, si kuifuata.

Tanzania Bara ilianza tiba hii katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha ikaenea katika hospitali nyingine na mikoa mingine, Tanga ikiwamo. Mgonjwa hupimwa kwanza, ihakikishwe kuwa kweli ametekwa na heroini, na mara nyingi hupelekwa na wahudumu wa asasi ambao huwafuata vijana maskani. Asiyejua pa kuanzia na aende dirishani hospitali akaulize, au apige simu 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Huanzishwa kwa kiasi kidogo, hupandishwa taratibu mpaka hamu itulie, naye huinywa mbele ya mhudumu. Pamoja na dawa yako mazungumzo na mshauri, na hupimwa kifua kikuu na UKIMWI. Si tiba ya mwezi mmoja. Wengi huhitaji mwaka na zaidi, na kushushwa dozi kwataka hukumu ya tabibu, wala si ya baba aliyechoka kungoja. Akiinywa huku anakunywa pombe au kumeza vidonge vya usingizi, aweza kuacha kupumua usingizini. Na chupa ya dawa isikae mahali ambapo mtoto huifikia.

Hapa ndipo taabu ya mtu wa Mwera ilipo. Mwera iko ng'ambo ya mto Pangani, na kutoka Pangani hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 50. Dawa ya kila siku haipatani na safari hiyo kila siku. Kwa hiyo baba asimpeleke kijana kabla hajapata jamaa mjini wa kumpokea, awe mjomba au shangazi au ami, naye aelezwe ukweli wote, asifichwe kwa kuona haya. Atakayempokea ajue saa ya kliniki, na asimpe fedha nyingi mkononi. Wengi hukosa tiba hii kwa kukosa pa kulala, si kwa kukosa dawa.

Iko njia nyingine, nayo ni nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi. Zanzibar zimekuwako tangu mwaka 2009. Mgonjwa huacha unga kabisa, hukaa humo miezi kadhaa pamoja na waliomtangulia, na nyingi hufuata mwendo wa hatua 12. Zamfaa mwenye azma, na hasa yule ambaye maskani yake iko mlangoni pake. Lakini nyumba nyingi hutoza ada, na hazilingani. Mzazi aulize kama ina kibali, kama yuko tabibu wa kuangalia siku za arosto, kama jamaa huruhusiwa kumzuru, na kama watu hupigwa au kufungwa. Nyumba yenye mnyororo haina tofauti na chumba cha uani, illa hiyo hulipiwa. Na siku ya kutoka ndiyo siku ya hatari, kwa sababu iliyokwisha tajwa.

Mwenye bangi au mirungi hana haja ya methadoni. Tiba yake ni mshauri na daktari wa akili. (Juu ya mirungi Ibn Hajar huyo huyo aliandika risala.) Lakini aliyezama katika pombe miaka mingi asiachishwe ghafula nyumbani, kwani huweza kushikwa na degedege akafa, apelekwe hospitali.

Kisomo na dua ni kheri, na kujitibu ni sunna. Kimoja hakizuii kingine. Na ijapokuwa kujitibu kwa asili ni sunna, hapa hukaribia wajibu, kwa kuwa ndiyo njia ya kuacha haramu.

Limebaki suala la Ramadhani. Kwa kuwa dozi moja hukaa siku nzima, kwanza aulizwe tabibu kama aweza kumpa usiku. Isipowezekana, asiiache dawa kwa ajili ya saumu akarudi katika unga. Ale, kwa kuwa ni mgonjwa, kisha alipe siku hizo atakapoweza. Na ikiwa matabibu wameona kuwa ataishi na dawa hiyo umri wake wote, wala hakutarajiwa kupona, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.