Mvuke, Moshi au Ukungu? Jina na Imani za Watumiaji wa Sigara ya Kielektroniki

Kifaa kipya kinapoingia katika jamii, jina lake huingia pamoja na imani. Sigara ya kielektroniki ya kisasa, iliyobuniwa nchini Uchina na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, imefika mitaani mwa Kenya kwa jina la vepu, na kile kinachotoka kinywani mwa mtumiaji huitwa mvuke. Makala haya yanadai kuwa neno hili la pili ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwani imani nyingi za watumiaji kuhusu afya yao zimejengwa juu yake.

Mvuke, kwa Mswahili, ni maji. Ndio unaotikisa kifuniko cha sufuria, na ndio anaouvuta mgonjwa wa mafua ajifunikapo blanketi juu ya chungu cha majani ya mwarobaini au mkaratusi. Huko ni kujifukiza, na kujifukiza huhesabiwa kuwa tiba. (Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, tiba hii ilipata umaarufu mpya nchini Tanzania.) Neno lenye sifa hiyo likihamishiwa kwenye vepu, si ajabu mtumiaji kusadiki kuwa avutacho ni maji yenye ladha ya embe. Imani ya namna hiyo iliwahi kuonekana kwa shisha, iliyopigwa marufuku nchini Kenya Desemba 2017: wengi walidhani kuwa maji ya chomboni huosha moshi. Ajabu ni kuwa kitenzi fukiza chenyewe hakitengi mambo haya. Mgonjwa hufukizwa kwa mvuke, nguo hufukizwa kwa moshi wa udi. Muhimu ni kwamba kitu kinapanda na kupenya.

Je, ni nini hasa kinachopanda? Kiowevu cha vepu huwa na propileni glikoli, glisarini, vionjo na, mara nyingi, nikotini. Maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Propileni glikoli huchemka katika nyuzi 188, na glisarini katika 290. Koili inapopasha kiowevu hicho, hewa hujaa matone madogo mno, ambayo wanasayansi huyaita erosoli. Humo huweza kupatikana pia fomaldehaidi, hasa koili inapopata joto kupita kiasi, na chembechembe za metali kama nikeli na risasi.

Mazoea ya uvutaji nayo yamebadilika. Sigara ya kawaida ina mwisho: huungua hadi kikabaki kipisi, na mvutaji huamua iwapo atawasha nyingine. Vepu haina kipisi. Huvutwa kidogo wakati wa kusoma, kidogo kitandani, kidogo tena kabla ya kulala, wala hakuna majivu ya kumkumbusha mtu alikofika. Swali la daktari, "Unavuta ngapi kwa siku?", linakosa jibu kwa sababu kipimo chenyewe kimetoweka. Tena viowevu vingi vya sasa hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo. Kwa hiyo mtu huweza kuvuta nikotini nyingi bila koo kumwonya.

Ndipo huja matatizo ya kiafya ambayo watumiaji huyaeleza kwa njia zao. Koo hukauka, na mtu hudhani ni kiu tu, kumbe propileni glikoli hunyonya unyevu. Kizunguzungu na kichefuchefu husingiziwa ladha au njaa, ilhali huweza kuwa dalili za nikotini kupita kiasi. Anapokaa saa chache bila kifaa chake, hukasirika na kukosa utulivu, na hapo Kiswahili kina neno lake: arosto. Maji hayana arosto. Mtumiaji anayelitumia neno hili amekwisha kukanusha dai lake kuhusu mvuke.

Haifai, hata hivyo, kuitia vepu na sigara katika chungu kimoja. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara ya vepu ni pungufu kwa asilimia 95, kadirio lililozua ubishi. Aidha, tathmini ya Cochrane ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa vepu zenye nikotini huwasaidia wavutaji kuacha sigara kuliko bandiko na jojo za nikotini. Lakini huo ni ulinganisho wa vitu viwili. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta sigara, upande mmoja wa mizani ni hewa safi. Nchini Marekani, kufikia Februari 2020, wagonjwa 2,807 wa mapafu walikuwa wameripotiwa, na 68 kati yao walifariki. Chanzo kikuu kilihusishwa na aina ya mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika viowevu vya bangi, wala si vepu zote. Ila wengi wa waathiriwa hawakujua kilichomo katika walichokivuta.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka onyo kwenye pakiti za sigara liandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Onyo la vepu likiandikwa kwa Kiswahili, neno mvuke litalidhoofisha kabla halijasomwa. Erosoli ni neno sahihi, lakini ni geni kwa wengi. Ukungu unalikaribia zaidi: ni matone yanayoelea hewani, na hakuna anayejifukiza kwa ukungu. Tena neno hilo hilo hutaja uozo unaoota juu ya mkate uliochacha.