SOMO: SHIMO LA YUSUFU

Soma: Mwanzo 37:12–30

Ndugu wasomaji, habari za Yusufu twazijua kwa sababu ya ile kanzu. Leo tuzitazame kwa macho ya mwanafunzi. Kabla ya shimo lilitangulia jina: ndugu zake walimwita mwota ndoto. Kisha wakamvua kanzu, wakamtupa shimoni, wakaketi kula. Reubeni alikusudia kumwokoa, lakini aliporudi hakumkuta.

Niliwauliza vijana wa darasa la kipaimara juu ya uonevu shuleni. Kwanza walisema haupo. Mgeni wa Kidato cha Kwanza kuitwa njuka, kuchotea wakubwa maji alfajiri na kuwafulia nguo, "hiyo ni kawaida, Mwalimu." Kwao uonevu ni kipigo tu. Tulipofika kwenye simu wakanyamaza. Ndipo binti mmoja akasema kuwa kofi huisha, lakini picha ya kumcheka mtu ikitumwa wakati wa likizo humfuata hadi kitandani, na shule ikifunguliwa humtangulia darasani.

Tukumbuke Oktoba 2016. Video ilienea nchini ikionyesha walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Serikali iliagiza wafukuzwe vyuoni. Sisi tuliofundisha walimu tuliona aibu. Video ile ilifichua uovu. Lakini pia wengi waliitazama na kuituma kama mchezo. Basi simu yaweza kuwa shahidi, tena yaweza kuwa shimo. Anayempelekea mzazi au mkuu wa shule ili mtoto aokolewe, huyo ni shahidi. Anayewapelekea wenzake wacheke, ameketi kula kando ya shimo.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo.

Nami nina la kuungama. Zamani, katika baridi ya Juni, mwanafunzi alinijia akasema wakubwa wamemnyang'anya blanketi. Nilimjibu, "Utazoea," nikakusudia kulitazama jambo hilo Jumatatu. Jumatatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikwisha rudi kwao, wala hakuonekana tena. Reubeni namwelewa vizuri.

Wazazi, mtoto akisema "wananiita jina fulani," msicheke wala msimwambie azoee. Jina ndilo mwanzo wa shimo. Msikilizeni siku hiyo hiyo, kisha nendeni shuleni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni majina gani watoto wetu huitwa shuleni, na wao huyaonaje?
2. Ukipokea picha ya kumwaibisha mtu, utafanya nini nayo?
3. Je, yuko mtoto aliyekuambia jambo, nawe ukaliahirisha?

Sala: Ee Bwana, utupe masikio yasiyongoja Jumatatu. Amina.