Dondoo muhimu: Yellowstone kwa gari la kulala, mwezi Septemba

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Siku ya Wafanyakazi nchini Marekani, ikishapita, watoto wamerudi shule na foleni hupungua. Ndizo wiki ninazozipenda kuliko zote. Lakini usidhani nafasi ni tele: kambi kadhaa huanza kufungwa mwezi huohuo. Weka nafasi mapema, na kwanza upime urefu wa gari pamoja na chochote unachokivuta.

Ukitaka umeme, maji na bomba la majitaka papo hapo, ni kambi ya Fishing Bridge peke yake. Hema na kuta za turubai ni marufuku pale, kwa sababu ya dubu.

Usiku ndio wa kujihadhari nao. Sehemu kubwa ya hifadhi iko juu ya mita 2,000, na maji huganda. Jioni jaza tangi la ndani, kisha chomoa mpira wa maji, uumwage wote, uuweke ndani. Ukiuacha nje, alfajiri utaukuta mgumu kama fimbo. Gesi ijazwe kabla ya kupanda milimani.

Septemba elki, wale kulungu wakubwa, wanapandana, na madume huwa wakali. Kaa angalau mita 23 mbali nao, hata wakija kulisha karibu na gari lako.