Jinsi ya Kuoka Pai ya Matufaha

Pai ya matufaha ni chakula cha zamani huko Uingereza. Maelezo ya kuipika yamo katika kitabu cha wapishi wa Mfalme Richard wa Pili, kilichoandikwa yapata mwaka 1390. Siku zile sukari ilikuwa adimu, kwa hiyo wapishi walitia tini na zabibu kavu ili kupata utamu. Baadaye Waingereza waliohamia Marekani walikwenda na chakula hiki, na Wamarekani sasa wanakihesabu kuwa chao.

Mara nyingi mpishi asiyeizoea pai huiharibu si kwa kukosa vitu, bali kwa mkono wake. Aliyezoea chapati hukanda unga sana mpaka uvutike. Kwa chapati jambo hilo ni jema. Kwa pai ni kosa kubwa, maana ganda huwa gumu kama ngozi, na unga, siagi na matunda, ambavyo vyote vimenunuliwa kwa fedha, hupotea bure.

VITU VINAVYOHITAJIWA. Unga wa ngano gramu 350, siagi baridi gramu 175, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji baridi vijiko 5 au 6 vya mezani. Matufaha kilo 1, sukari gramu 100, limau moja, mdalasini kijiko kimoja cha chai, na karafuu mbili zilizosagwa.

GANDA. Unga uchekechwe pamoja na chumvi. Siagi ikatwe vipande vidogo, kisha isuguliwe katika unga kwa ncha za vidole, wala si kwa viganja, kwa kuwa viganja vina joto. Ifanane na makombo ya mkate, na vipande vichache vibaki kama punje za dengu. Maji yatiwe kijiko kimoja kimoja mpaka donge lishikamane tu, lisikandwe. Lifunikwe na kuwekwe mahali pa baridi kwa nusu saa. Vipande vile vya siagi vinapoyeyuka katika tanuri, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuinua tabaka za unga. Siagi ikiyeyuka mapema, ganda huwa zito.

MATUNDA. Yafaa kuchagua matufaha magumu yenye ukali kidogo, maana yaliyo laini huwa uji. Waingereza hupenda aina ya Bramley, ambayo mti wake wa kwanza ulitokana na mbegu iliyopandwa na msichana Mary Ann Brailsford huko Southwell mwaka 1809. Matunda yamenywe, yatolewe kokwa, yakatwe vipande vyembamba, na kuchanganywa mara moja na maji ya limau yasigeuke rangi. Kisha yatiwe sukari, viungo, na kijiko kimoja cha mezani cha unga ili mchuzi wake uwe mzito.

KUOKA. Donge ligawanywe mara mbili, na sehemu moja izidi kidogo. Sehemu hiyo isukumwe na kutandikwa katika chombo cha kuokea, matunda yajazwe, na sehemu ya pili iwe kifuniko. Kingo zilowanishwe na kubanwa kwa vidole, na juu pachanjwe mara tatu ili mvuke utoke. Pai iokwe kwa moto wa digrii 200 za Selsiasi kwa dakika 20, kisha digrii 180 kwa dakika 35 hivi. Asiye na tanuri aweza kutumia sufuria kubwa yenye mchanga ndani, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko.

Pai imeiva ganda likiwa na rangi ya dhahabu, na kisu kikiingia katika matunda bila kuzuiwa. Hata hivyo isikatwe papo hapo. Iachwe saa moja ipoe, la sivyo mchuzi wote utamwagika. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Unga nao ni mmoja. Mpishi hodari ni yule ajuaye wakati wa kukanda na wakati wa kuuacha utulie.