Dondoo muhimu: Punda mwenye mimba kiangazini

Punda jike hubeba mimba takriban miezi 12, pengine 13. Akitarajiwa kuzaa kati ya Juni na Septemba, majani ya vilima vya eneo la Kiseke yatakuwa yamekauka. Weka akiba ya nyasi kavu na mabua ya mahindi mapema, umwongezee konzi ya pumba isiyo na ukungu. Miezi 3 ya mwisho mpumzishe kubeba madumu ya maji na mchanga.

Akisusa chakula, usingoje kesho. Mafuta huweza kujaa kwenye damu yake na kumuua haraka, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Chuchu zikitoa matone kama nta, mtengee mahali pakavu. Mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2. Kondo la nyuma likichelewa saa 3, usilivute, mpigie simu daktari wa mifugo.