Somo la Mfanyakazi: Kupata Nafasi Darasani Ukiwa wa Mwisho Kuandikishwa



Somo letu la safari hii linatoka mbali, lakini limeingia nyumbani kwetu. Jamaa wengi waliotoka Kongo na kukaa katika makambi ya Kyaka, Nakivale na Kyangwali hapa Uganda wamepelekwa Marekani kuishi. Baadhi yao walichuma chai pamoja nasi. Huko wamekuwa wafanyakazi wa viwanda vya nyama, wa mabohari, na wa kufua mashuka ya mahoteli. Nao wanataka kusoma.

Mwenzetu mmoja alituletea barua ya binti yake anayeishi katika jimbo la California. Binti huyo hufua mashuka usiku, ana watoto wawili, na anataka kuwa muuguzi. Aliandika hivi kwa ufupi: “Baba, wamenipa tarehe ya kujiandikisha ya mwisho kabisa. Nilipofungua, darasa la anatomia limejaa. Nimeacha.” Baba yake alituuliza, je, chama kinajua lolote juu ya mambo haya? Tuliuliza wanaojua, tukajifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. CHUO CHENYEWE NI CHA NAMNA GANI

Huko Marekani kuna vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii. Cha kwanza cha serikali kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Siku hizi California peke yake ina vyuo 116. Ni vyuo vya watu wa kazi: mtu anaweza kusoma jioni, au Jumamosi, somo moja moja, huku akiendelea na kazi yake. Mkaaji wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti ya somo, kiasi kilichowekwa mwaka 2012. Somo la yuniti 4 basi ni dola 184. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada hiyo.

Chuo cha jamii chenye kozi ya uuguzi humfikisha mtu kwenye digrii ya miaka miwili, na kwa hiyo huweza kufanya mtihani wa kupata leseni ya muuguzi. Lakini kabla ya kuomba kozi yenyewe, lazima kwanza amalize masomo ya mlangoni: anatomia, fiziolojia, maikrobiolojia na uandishi wa Kiingereza. Vyuo vingi hutaka anatomia ije kabla ya fiziolojia. Hapo ndipo penye uzito. Ukikosa anatomia muhula huu, fiziolojia nayo inasogea, na ombi la uuguzi linasogea. Nafasi moja iliyokosekana huweza kula mwaka mzima wa maisha ya mfanyakazi.

2. FOLENI IMEPANGWAJE

Wanafunzi hawaandikishwi wote siku moja. Kila mmoja hupewa siku yake na saa yake. Wanaotangulia hujaza madarasa mazuri, na wa nyuma hukuta mabaki. Kwa hiyo swali la kwanza si “nifanyeje siku hiyo?” Swali la kwanza ni “kwa nini nimewekwa nyuma?”

Katika California kanuni ni hii: ili mwanafunzi mpya apate kutangulia ni lazima amalize mambo matatu, yaani maelekezo ya wageni wa chuo, upimaji wa kiwango chake, na mpango wa masomo unaofanywa pamoja na mshauri. Asiyemaliza hata moja husukumwa nyuma. Aliyekwisha kusanya yuniti zaidi ya 100, au ambaye maendeleo yake yamekuwa mabaya mihula miwili mfululizo, naye hupoteza nafasi yake ya mbele.

Tena wako wanaotangulizwa kwa sheria: waliokuwa askari, waliolelewa na serikali wakiwa watoto, wenye ulemavu, na wenye kipato kidogo walio katika mipango maalum ya msaada. Na mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuwatanguliza wanafunzi wenye watoto wa chini ya miaka 18 wanaowategemea.

Sasa angalieni, ndugu. Binti wa mwenzetu ana watoto wawili. Haki ilikuwapo, lakini hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Ni kama yule mchumaji aliyefanya kazi miaka sita bila likizo kwa sababu nyapara hakuwahi kumtajia. Kuuliza si ujinga.

3. KABLA YA SIKU KUFIKA

Mwenye tarehe ya nyuma asikae akingoja tarehe hiyo. Afanye haya:

(a) Aende kwa mshauri wa masomo, amalize yale mambo matatu, na aulize waziwazi: “Mimi nina haki ya kutangulizwa?”

(b) Aangalie kama jina lake lina kizuizi. Deni dogo la kitabu cha maktaba laweza kumfungia mlango siku yenyewe.

(c) Apeleke mapema vyeti vya masomo ya zamani. Somo likidai somo jingine litangulie, na chuo hakijaona cheti, kompyuta itamkataa, na kusahihisha jambo hilo huchukua siku nyingi.

(d) Aandike kwenye karatasi namba za madarasa anayoyataka, si moja tu. Aandike la asubuhi, la jioni, la Jumamosi, na la chuo kingine cha jirani ambacho somo lake linakubaliwa. Mwenye chaguo moja ni kama mwenye jembe moja lililovunjika mpini.

(e) Saa ikifika, awe tayari saa ileile. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

4. UKIKUTA DARASA LIMEJAA

Hapa ndipo wengi huacha. Neno “limejaa” lina maana ya kwamba limejaa leo. Kati ya siku hiyo na kuanza kwa masomo watu wengi hutoka: wengine wamebadilishiwa zamu, wengine hawakulipa, wengine walishika nafasi mbili ili wachague baadaye.

Kwa hiyo jiandikishe kwenye orodha ya kungojea. Mtu akitoka, wa kwanza katika orodha hupewa nafasi. Vyuo vingine humwingiza moja kwa moja, vingine humwandikia barua pepe na kumpa muda mfupi wa kujibu, pengine siku moja tu. Asiyesoma barua zake kila siku hupitwa. Uliza kanuni ya chuo chako, maana hazifanani.

Siku ya kwanza ya darasa nenda, hata kama jina lako halimo. Fika mapema, keti, sikiliza somo, kisha mweleze mwalimu kwa adabu. Mwalimu ana kazi ya kuwaondoa wasiofika, na nafasi zao huzigawa kwa kutoa namba ya ruhusa. Mara nyingi huanza na walio kwenye orodha, kisha waliofika wenyewe. Ukipewa namba hiyo, itumie siku ileile, kwani ina mwisho wake. Kwa mihula ya kawaida, mlango wa kuingia hufungwa katika majuma mawili ya kwanza au karibu na hapo.

Lakini tuseme kweli: darasa la maabara kama anatomia lina meza chache, na mwalimu hawezi kuongeza watu kupita usalama. Usimlaumu. Ukikosa kabisa, usirudi nyumbani mikono mitupu. Chukua uandishi wa Kiingereza muhula huo, kwa maana nao unatakiwa. Angalia madarasa mafupi yanayoanza katikati ya muhula, na yale ya kiangazi.

Na onyo moja. Ukipata darasa kisha ukaona huwezi, jiondoe kwa utaratibu kabla ya tarehe ya mwisho. Ukiacha kwenda tu bila kujiondoa, utabaki na deni na alama mbaya. Tena unamzuia mwenzako anayengoja nje. Kushika nafasi usiyoihitaji si ujanja. Ni kumnyang’anya mfanyakazi mwenzako.

5. KWA NINI FOLENI NI NDEFU

Mtu akikosa nafasi hujilaumu peke yake: “Nilichelewa mimi.” Chama hufundisha kuuliza zaidi. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, serikali ya California ilikata fedha za vyuo hivi, na madarasa kwa maelfu yakafutwa. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba wanafunzi zaidi ya 470,000 walianza muhula wakiwa katika orodha za kungojea. Hawa wote hawakuwa wavivu. Viti ndivyo vilivyopunguzwa.

Mwaka huohuo chuo cha Santa Monica kilipanga kutoa madarasa ya ziada kwa bei ya juu, ili mwenye fedha asingoje. Wanafunzi waliandamana mwezi wa Aprili, baadhi yao wakapuliziwa dawa ya pilipili, na mpango ukasimamishwa. Mwezi wa Novemba wapiga kura wa jimbo walikubali kodi mpya, iliyowagusa zaidi wenye vipato vikubwa, na vyuo vikaanza kurudisha madarasa. Ujanja wa mtu mmoja humpa kiti kimoja. Umoja huongeza viti.

6. BINTI YETU ALIFANYAJE

Tulimpelekea haya kupitia kwa baba yake. Muhula uliofuata alikwenda kwa mshauri na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, akasogezwa mbele. Hata hivyo darasa la asubuhi lilijaa, naye akashika namba 3 kwenye orodha ya darasa la jioni. Zamu yake iligongana na saa za darasa. Akamwendea mwakilishi wa chama kazini, wakazungumza na msimamizi, akabadilishana zamu na mwenzake siku mbili kwa juma. Siku ya kwanza watu wanne hawakufika. Akaingia. Baba yake alipotusomea barua hiyo alisoma mstari mmoja mara mbili: “Baba, jana nilishika mfupa wa paja.”

7. NA SISI HAPA?

Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Hapa kwetu orodha ya wanaopelekwa kozi ya udereva wa trekta, ya ufundi au ya huduma ya kwanza nayo ni foleni. Nani huiandika? Kanuni yake imebandikwa wapi?

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika shamba au kiwanda chako, nani huchagua wa kwenda kozi, na kwa kanuni gani?
2. Ni haki gani unayoifahamu leo ambayo mwaka jana hakuna aliyekuambia?
3. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akitaka kusoma, tawi litamsaidiaje kubadilishana zamu?
4. Wanawake wenye watoto wadogo wawekwe wapi katika foleni yetu? Toeni sababu.

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta kwenye mkutano ujao wa chama.